Mikunjo ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimefika Migori. Peke yangu! Miaka minne nimempigia bosi hesabu za uimara wa ndege, yeye anatia sahihi. Safari hii sahihi ni yangu. Ndege ya Roseline, mwenye kampuni, ilitua vibaya wiki mbili zilizopita — ng'ombe uwanjani, rubani Levis akaibwaga chini. Bati la ubavu wa kushoto, nyuma ya mlango, lina mikunjo mitatu ya mshazari. Levis anasema ndege imekufa. Nimecheka. Bati kukunjika si kifo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefungua upande wa kushoto kwa ndani. Bati likishakunjika, mzigo hauendi likizo. Unahamia kwa stringa, vile vyuma vyembamba virefu vinavyolishika bati. Zote zimenyooka. Riveti zinazolifunga bati hazijalegea. Upande wa kulia bati ni laini kabisa, rangi mpya. Sikufungua. Ya nini? Wanaitunza ndege yao hawa watu.

Jumatano, 5 Novemba

Hesabu nimerudia mara tatu. Stringa zinabeba mzigo wote na ziada ya asilimia kumi na nane. Kumi na nane! Mimi huyu, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Kehancha. Nimetia sahihi, nimepiga muhuri. Roseline kafurahi hadi kampa Mama kiti cha bure Ijumaa, Migori hadi Nairobi. Mama hajawahi kupanda ndege. Amenipigia simu mara sita kuuliza kama viatu vinavuliwa mlangoni.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Samaki wa kukaanga. Nimelala mchana kama bosi.

Ijumaa, 7 Novemba

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa chini mbele ya gurudumu la ndege.

Abiria walikuwa wameshaketi. Mimi nakunywa chai na Cephas, shemeji yake Levis, fundi wa kunyoosha matatu zilizogongwa kule Homa Bay. Akaniuliza, akiniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, kama nimeona kazi yake. Kazi gani? "Upande ya kulia, nyar Kuria! Ilikuwa imekunjana kuliko hiyo ingine. Sasa mgeni atapata aje nyumba haijafagiliwa? Na kuna kachuma ka ndani kalikuwa kamepinda, nikakagonga kakanyooka. Kushoto ndio sikumaliza, ukakuja."

Stringa iliyopinda, ikanyooshwa kwa nyundo! Inaweza kuwa na ufa. Hesabu yangu haimjui Cephas. Wala simlaumu — ni mimi niliyeona rangi mpya nikasifu. Mjinga mkubwa! Naogopa.

Nilikimbia. Levis alikuwa karibu kuwasha injini. Nikamwambia lazima nifungue kulia kwanza. Akanipungia ile karatasi: si sahihi yako hii? Ni yangu. Nikakaa hapa chini, na siondoki. Waliosikia neno ufa wameanza kushuka, mmoja mmoja, wakinung'unika. Roseline anapiga simu, sishiki. Cephas ameenda kuleta bisibisi, bado anaapa kazi yake ni safi.

Wameshuka wote sasa isipokuwa Mama. Nimemwita mara mbili. Amefunga mkanda, hataki hata kunitazama. Anamwambia Levis awashe tu twende — karatasi imeandikwa na mtoto wake, na mtoto wake hakosei.