Sauti ya Pili ya Wimbo wa Mama

Turffontein, Johannesburg
Novemba 2017

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi ya Lushoto? Nakujua, utaniandikia kuwa umepona huku unakohoa, kwa hiyo nimemuuliza dada Neema kwanza. Anasema sasa unafika kanisani bila kupumzika njiani. Namshukuru Mungu sana. Mimi ni mzima, bado nashona mapazia kule Marshalltown, na tarumbeta uliyonipa naing'arisha kila Jumamosi.

Habari kubwa ni ya hiyo tarumbeta. Kanisa letu huku limeimba kantata, yaani wimbo mmoja mrefu wa ibada wa Wajerumani wa zamani, wenye vipande sita. Cha kwanza kinatikisa madirisha: kwaya nzima, fidla, kinanda, ngoma mbili za shaba, na sisi watatu wa tarumbeta. Kisha mtu mmoja anasimulia kwa kuimba, kinanda kikimgusia tu kwa chini. Anafuata dada wa sauti ya kwanza, anajibizana na zumari taratibu, kama majirani wanaoongea uani. Halafu msimuliaji tena, halafu kaka wa sauti ya nne na fidla. Muda wote huo tarumbeta haina kazi.

Mimi sikulijua hilo. Kikundi chako cha tarumbeta huko nyumbani kinapuliza pamoja na waimbaji tangu ubeti wa kwanza hadi amina, na anayekaa na tarumbeta mapajani wenzake wakitoka jasho mnamwita mvivu. Basi siku ya kwanza ya mazoezi, dada yule alipoanza kuimba peke yake, nikamhurumia, nikampulizia. Wote wakageuka kunitazama.

Mwalimu wetu, Mama Thandeka, aliishi Morogoro na wapigania uhuru wa huku, na Kiswahili hakijamtoka.

"Eish, Elia! Nani kakuita hapo?"

"Nilikuwa namsaidia, Mama."

"Hajazama, mwanangu. Keti. Utaitwa mwishoni."

Huo mwisho, Baba, ndio ulionitisha. Kipande cha sita ni wimbo wa kawaida wa kanisani, vyombo vyote vinarudi, na tarumbeta yangu inafuata sauti ya pili. Nikautambua mara moja. Ni ule mliompulizia Mama kaburini, mimi nikausikiliza kwenye simu ya Neema kwa sababu kibali changu cha kuishi huku kilikuwa hakijatoka, nikashindwa kuja. Uliniambia hukumpa mtu nafasi yangu, mkaiacha sauti ya pili wazi. Tangu siku ile kila nikiujaribu midomo inakataa. Mazoezini ilikataa pia, nikamweleza Mama Thandeka ili atafute mwingine.

"Simtafuti mtu," akasema. "Ukishindwa, itabaki wazi."

Jumapili nikakaa na tarumbeta mapajani vipande vinne vizima, nikiwasikiliza wenzangu, na pumzi ikatulia yenyewe. Sasa nampenda mtunzi wa kantata hiyo kwa kutukalisha vile. Mama Thandeka akainua mkono. Nikapuliza, Baba, mpaka amina, huku nalia.

Asante kwa kunifundisha. Asante zaidi kwa kuniwekea nafasi.

Nisalimie dada Neema na wanawe, shangazi anayekupikia, na mzee Yona wa sauti ya nne. Ukienda kupalilia kaburini, mwambie Mama sauti ya pili imefika.

Mwanao anayekupenda,
Elia