Mwalimu Anapopiga Makofi

Mikindani, Mombasa
14 Juni 1947

Mpendwa Shangazi Nyevu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Jumamosi jioni, nyumbani wanapodhani niko kwaya, huwa niko katika darasa la biashara la Mwalimu Ishaka, nyuma ya kanisa.

Sasa nakuuliza: u mzima? Kile kifua kimepoa? Baridi ya Nakuru je? Sisi hatujambo. Baba bado yuko kazini bandarini.

Shangazi, sikujua kuwa mtu anaweza kufundishwa namna hii. Shuleni tulikariri tu. Mwalimu Ishaka hutuweka wawili wawili, muuzaji na mnunuzi, katikati pana kikapu cha muhogo. Bei ikishapamba moto hupiga makofi, nanyi mnabadilishana papo hapo: aliyekuwa akiuza sasa ananunua.

Siku ya kwanza sauti haikunitoka. Mzee Gona, muuza samaki, akanitania, "Binti, unauza au umefiwa?" Wakacheka, nami nikacheka. Lakini makofi yalipopigwa, yeye ndiye aliyekwama! Miaka yote ameuza, hajawahi kujiuliza mnunuzi anawaza nini.

Sasa Mwalimu anataka nimsaidie kuwafundisha akina mama wa sokoni, Baba akikubali. Nawe wamjua. Tangu nimalize shule asema msichana akae ashone.

Basi nikafanya mazoezi na Milcah, mwenzangu wa darasani. Yeye akawa Baba.

"Baba, naomba..."

"La."

"Hata sijasema!"

"La, na chai yangu iko wapi?"

Tulicheka hadi machozi. Kisha akapiga makofi, nikawa Baba mimi. Nilitaka kukataa kama yeye, lakini nililolisema ni hili: "Ukishayajua yote haya, mimi utanihitaji kwa nini?" Kicheko kikaisha. Sijui neno lile lilitoka wapi.

Wewe ni dada yake, ulimjua kabla yangu. Ndivyo anavyowaza kweli? Siku hizi namtazama akila, najiuliza. Tafadhali niandikie upesi.

Nisalimie Mzee Mwarandu na Jumwa hapo nyumbani kwako. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Nakusihi, Baba usimwambie lolote, hata kwa kunisaidia. Nataka alisikie kwangu kwanza, nimesimama mbele yake, kwa sauti yangu hii ndogo.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Dhahabu