Rangi Ukutani

Njombe, Jumatatu

Mpenzi wangu Yoeli,

Natumaini vumbi la Liganga halijakuchosha. Huku ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi, viazi vimestawi, na mama anasema ameikumbuka sauti yako.

Juzi kwaya ilinituma Makambako na mwenzetu Paskalina, tukanunue projekta ya kuonyeshea nyimbo kanisani. Muuzaji, Tarsis, alifunga pazia akawasha ya kwanza. Maneno yakaelea ukutani kama ndotoni. Nilipogeuza macho, nikaziona: nyekundu, kijani, bluu, zikimetameta pembeni ya maandishi. Paskalina hakuona kitu.

Sijawahi kukuambia, Yoeli. Nimekuwa nikiziona kila Jumapili kwenye projekta tunayoazima, na upofu wa mama ulianza kwa kuona rangi kuzunguka taa. Ndiyo maana sikukujibu.

Nilimweleza Tarsis.

"Si ugonjwa, dada," alisema. "Humu ndani kuna gurudumu la rangi. Linazileta moja moja kwa kasi, na wapo watu ambao macho yao huzinasa. Hii nyingine ina vioo vitatu, rangi zote zinatoka pamoja."

Akaiwasha. Niligeuza macho huku na huku, na ukuta ukabaki mweupe, umetulia kama shamba la pareto lililochanua. Nikalia palepale dukani.

Tuliichukua hiyo.

Lile swali lako la Pasaka, jibu ni ndiyo. Mtume mshenga. Mama ameshaambiwa, na tangu jana anaimba.

Wako,
Ema