Diski ya Pili

Jumatano, Nyamira

Chini ya video yangu ya kugeuza kompyuta kuukuu kuwa seva ya nyumbani, mashine ya kuhifadhi mafaili ya familia, watazamaji wanaendelea kuandika, "Huyu hatudanganyi." Leo kila sifa imenitia hofu.

Asubuhi nilichomoa diski moja ya seva yangu ili nihakikishe kwamba ya pili ina nakala ya kila kitu, kama nilivyowaambia. Ilikuwa tupu. Nilipokuwa nikirekodi niliruka hatua moja, ile ya kuamuru diski ya pili inakili ya kwanza, na jaribio hili, ambalo mimi hulifanya kabla ya kila video, safari hiyo sikulifanya.

Nikamkumbuka Mama Kemunto wa Kebirigo, mtazamaji aliyeniachia namba yake. Alijitengenezea seva kwa kuifuata video hiyo, akahifadhi humo nyimbo ambazo marehemu mumewe aliimba na kwaya ya kanisa, kisha akazifuta kwenye simu. Nikampigia.

"Mwalimu! Diski moja inagongagonga tangu jana, lakini sina wasiwasi. Si ulisema iko ya pili?"

Diski inayogonga iko karibu kufa. Ikiwa ndiyo yenye nyimbo...

"Zima mashine sasa hivi, mama. Usiiwashe mpaka nifike kesho."

"Haki, unanitisha."

Nilimweleza kosa langu bila kulipunguza. Nilisikia feni ya mashine ikitulia.

"Sasa sauti ya mzee wangu iko ama haiko?"

Nilimjibu kwamba sijui.

"Kuja mapema," akasema, akakata simu.

Onyo nimeliandika chini ya video. Tayari watu wawili wamenishukuru kwa kusema ukweli. Nimeizima simu na kufungasha vifaa vya kesho.