Panda Mbele, Fundi

Mjukuu wangu Neema,

Mimi babu yako, kwa heshima zote, natangaza kwamba kuku mwekundu wa bibi yako amehamia rasmi ndani ya kofia yangu, na ametaga. Wengine hapa Uyole hatujambo, baridi tu.

Unauliza umpitishe vipi Elia, mwanafunzi wako wa ufundi magari huko chuoni Iringa. Mtihani wa breki ameandika wote sawa, lakini mkono wako unasita kumwekea tiki penye "anaweza". Mimi sina cheti. Nina gereji niliyojifunzia tu, ya Mzee Kanji.

Mzee hakuwa na fomu. Ukimaliza kufunga breki za lori alikuuliza, "Tayari?" Ukisema tayari, alikwambia, "Haya, panda mbele tushuke mlima."

Zamu yangu ilipofika, hatua zote nilizijua kwa kichwa, nikajibu kwa sauti kubwa, "Tayari!"

Akafungua mlango. "Panda, fundi."

Wenzangu wakacheka. "Breki zikikataa, kwenu tukamwambie nani?"

Nikashika mlango, mguu ukagoma. "Mzee, nipe dakika mbili." Nikarudi uvunguni. Nati ya paipu ya breki za nyuma nilikuwa nimeikaza kwa vidole tu. Nikaomba spana. Mzee akanywa chai yake.

Kwa hiyo Elia usimwulize hatua. Mfungulie mlango, kisha mtazame miguu.

Tangu siku ile nikaitwa fundi. Mlima hatukuushuka. Betri ya lori ilikuwa imekufa tangu juzi yake.