Dada wa theluji amekula mtori wangu

Jumamosi, Moshi mjini. Mawingu. Mlima umejifunika tangu alfajiri.

Aikande ametafuna waya wa mausi ya kompyuta sasa hivi. Nimemnyang'anya, akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa, kisha akachukua kandambili yangu akaendelea nayo. Meno mawili tu lakini hayajui kupumzika. Sasa amekaa chini ya meza, amenishika kidole gumba cha mguu, anakiimbia. Mwanangu huyu. Angejua leo mama yake ana roho ya namna gani asingeimba.

Nina wivu.

Nimeliandika, nimelitazama, silifuti.

Kila Jumamosi nashuka kutoka kijijini kwetu Old Moshi kumshikia shemeji yangu Godi hii intaneti kafe yake. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Alisema, "Shemeji, badala ya kunijaza mimi maneno, yajaze humo." Basi leo yatajaa.

Mume wangu, Baba Aikande, anaongoza watalii mlimani. Juzi ameshuka na mgeni mmoja, dada anaitwa Lizbet. Huyo Lizbet kazi yake ni kushindana kuteleza kwenye theluji, na vibao viwili miguuni. Si mchezo wa likizo. Ni kazi, kama mwingine alivyo nesi au fundi cherehani. Tangu wameshuka sisikii habari nyingine nyumbani. Lizbet alianza akiwa mtoto mdogo kabisa. Lizbet alishinda vikombe. Lizbet alianguka, goti likapasuliwa, akapona, akarudi, akashinda tena, likapasuliwa mara ya pili. Magoti ya Lizbet nayajua kuliko ya mama yangu mzazi.

Ya kwangu Baba Aikande hajawahi kuyaulizia.

Leo asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilimtafuta kwenye kompyuta. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikawa inashuka kidogo kidogo. Kwanza anga. Halafu theluji. Halafu kofia ngumu, halafu mdomo umebanwa, halafu namba kifuani. Mwisho miguu, imekunjwa, na vumbi jeupe la theluji limeruka nyuma yake. Maneno ya pembeni ni ya kwao, sikuyaelewa. Lakini nyuma kulikuwa na watu wamejipanga kando ya njia, midomo wazi, mikono juu. Wanamshangilia mwanamke anayeshuka mlima.

Nilikaa pale nikitazama mpaka mteja akagonga meza.

Sisi huku wanawake tunashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, kisha tunapanda nayo kichwani hadi shingo inaingia mabegani. Sijawahi kuona mtu kasimama kando ya njia akatupigia makofi. Yeye anapandishwa juu na mashine, kazi yake ni kushuka tu, mikono mitupu, na anapewa kikombe!

Na mimi nilikuwa najua kushuka. Hilo ndilo linaloniuma. Tulipokuwa watoto, mvua za masika zikinyesha, tulikuwa tunabandua magome ya migomba, tunayakalia, tunateleza kwenye mteremko ulio nyuma ya kanisa. Hakuna mvulana aliyenipita. Nilijua pa kuinamia na pa kuburuza kisigino ili kukwepa mti wa kahawa. Nikifika chini nacheka, nikifika nyumbani nachapwa kwa sababu ya sketi ya shule. Nilipomaliza darasa la saba nikaambiwa nimeshakuwa mkubwa, niache. Nikaacha.

Lizbet hakuambiwa aache. Baba yake alisimama chini na saa mkononi.

Basi jana akaletwa nyumbani kula. Anatembea pole, anashika ukingo wa kiti kabla ya kukaa, anauma meno. Mama mkwe wangu akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza, "Huyu amejifungua lini?"

Baba Aikande akarukia, "Mama, hajajifungua. Ni magoti."

"Magoti! Hata mimi nilisema magoti nilipokuzaa wewe. Mtoto wake kamwachia nani?"

"Hana mtoto, mama. Ni mchezo."

"Mchezo gani unamlaza mtu kitandani miezi? Mnawaachia wazazi watembee mlimani, tena wembamba hivi. Lete bakuli."

Kwetu mzazi, yaani aliyetoka kujifungua, halali njaa. Anakaa ndani, haguswi na kazi, anakula mtori wa ndizi, maziwa na nyama yenye mafuta mpaka mashavu yang'ae. Mimi miezi hiyo imekwisha, lakini kwa kuwa nanyonyesha, mama mkwe bado ananipikia chungu kidogo cha peke yangu. Chungu hicho hicho ndicho alichokiinua. Akamwaga mtori wangu kwenye bakuli langu, na mfupa wa mchuzi juu, akampa Lizbet.

Lizbet akauliza mama anasema nini. Mume wangu akamtafsiria, nadhani alisema karibu chakula. Akala. Akaongezwa. Akala tena, kidevu kinang'aa mafuta. Mama akamsugua goti kwa mkono wake mwenyewe, akimwambia, "Kula, binti yangu, utanyonyesha na nini?"

Nilicheka na wengine. Kisha nikaenda jikoni nikakikwangua chungu kilichobaki kitupu, nikalia kwa sababu ya ndizi zilizopondwa. Mtu mzima mimi.

Baada ya kula ndipo likatoka lililomleta. Anaacha mashindano, goti limekataa. Anafungua nyumba ya wageni kwao, chini ya mlima wao, na anataka Baba Aikande aende msimu mzima wa theluji akamsaidie. Arudi Pasaka. Tiketi juu yake. Anasafiri leo jioni, anataka jibu kabla. Mume wangu akamwambia, "Mke wangu ndiye atakayesema."

Majirani watasema nimepata mume. Mimi naona amenitwika furushi.

Nikisema aende, nitabaki na mtoto, ng'ombe na mama mkwe, huku yeye anakula baridi na mabingwa. Nikisema asiende, nitakuwa nimemfungia mlango, na kahawa siku hizi haina bei, nusu ya majirani wameing'oa. Na kila nikimwona amekaa kimya nitajua anafikiria theluji.

Asubuhi nilikuwa nimejiandaa kusema hapana. Sababu nilikuwa nayo, Aikande bado mdogo. Sababu nzuri, hakuna wa kuipinga. Lakini si ya kweli. Simwogopi yule dada kwamba atanichukulia mume. Baba Aikande namjua, anakoroma na anaogopa mbwa, atarudi. Ninachokitaka ni kile chake yeye Lizbet. Nataka na mimi niulizwe mara moja, wewe unaweza nini?

Lizbet hajaniuliza. Lakini sijamwambia pia. Nilikaa nimenuna, nikahesabu vijiko vyake.

Watakuja hapa saa sita, yeye na Baba Aikande, kusikia jibu. Basi nimeamua. Nitasema mwenyewe, kwa Kiswahili changu, mume wangu atafsiri, na nitamkazia macho ajue asipunguze hata neno. Nitasema, dada, kufua mashuka ya wageni naweza. Kupika naweza, umekula ukaongezwa. Baridi tumezaliwa nayo. Mtoto namfunga mgongoni, hasumbui. Tunakuja watatu, au haji mtu. Akikataa, basi, atakuwa amenikataa mimi nikiwa nimesimama mbele yake, si nikiwa jikoni.

Vidole vinakosea herufi. Na kuna jambo moja zaidi nataka kumwambia, hili hata Baba Aikande hajui, kwamba mimi pia nilitele

Shemeji Godi ananiita toka mlangoni, "Mama Aikande, wageni wako hawa!" Wamewahi. Aikande, achia kandambili, twende, mama ana