Ukuta wa Mbele

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu zangu mimi dada yako. Hali yako? Wifi yangu hajambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwenye baridi umeachia, au bado unaupaka dawa? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, anapiga soga na majirani kama kawaida yake, ila macho ndiyo yanazidi kufifia. Mtu anamjua kwa mwendo na sauti. Kusoma ndiyo basi tena.

Ulizoea kunicheka kwamba nikitoka nyumbani nasoma kila kibao mpaka nachelewa ninakokwenda. Sijaacha. Wiki hii nimezunguka sana kwa miguu, na sababu utaiona. Acha nikuchekeshe kwanza, maana nikianza na yaliyo moyoni barua utaichana.

Yule seremala wa kona, anayetengeneza vitanda na majeneza, ameweka bango jipya: "Karibu ujaribu kabla ya kununua." Wateja wa vitanda wamepungua. Kwenye mlango wa zahanati wameandika "Kimya, wagonjwa wamepumzika," na chini yake muuguzi anaita majina kwa sauti ya kufukuza mbuzi. Kinyozi naye katangaza kwamba hanyoi mtoto anayelia wala baba anayetoa maelekezo. Huyo nimemuunga mkono.

Ofisi ya ardhi wamebandika karatasi dirishani: "Usiulize swali ambalo jibu lake limo kwenye fomu." Nikaomba fomu. Zimekwisha. Nilikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi hadi wanafunga, na nadhani sasa unaanza kuelewa nilifuata nini.

Jumanne walikuja watu wawili, dalali wa nyumba na bwana mmoja mwenye utepe wa kupimia. Walisema umewatuma wewe. Mama alifurahi mpaka akakosa pa kuwaweka. Aliwatolea viti, akawatembeza chumba kwa chumba huku akipapasa kuta, akawaonyesha hadi mahali ulipokuwa ukilala. Alipoingia jikoni kuwaletea maji, yule dalali akaninong'oneza, "Dada, mbona tuliambiwa nyumba ni tupu?"

Tupu. Nimelala na neno hilo siku tano. Baba alipofariki ulisema hati ya nyumba ukae nayo wewe kwa usalama, nami nikakukabidhi bahasha kwa mikono yangu miwili. Ujinga huo ni wangu. Lakini Mama si kabati la kuachiwa mnunuzi. Ulitaka tumpeleke wapi? Ungenieleza lini, vyombo vyake vikishatolewa nje? Kama umekwama huko ungesema tu, hakuna aliyewahi kukufungia mlango hapa. Nina hasira na wewe, mdogo wangu, na sioni haya kuiandika.

Basi Alhamisi nikamwita fundi wa kuandika vibao. Sikumaliza hata kujieleza. Aliniuliza tu, "Kaka au baba mdogo?" Nikamwambia ni mdogo wangu, wa mwisho. Akatikisa kichwa. "Hao tunawaandikia kubwa," akasema. Ya kwetu ni nyumba ya sita mwezi huu, na kopo lake la rangi nyekundu siku hizi hata mfuniko halina.

Sasa ukuta wa mbele, toka dirishani hadi mlangoni, umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI. Wapita njia wanasimama, wanasoma, wanatabasamu, wanaendelea na safari zao. Siwalaumu. Na mimi nilikuwa nikitabasamu hivyo hivyo mbele za kuta za wenzangu. Majirani nimewaomba wafunge midomo kwa ajili ya Mama.

Ninachotaka ni kidogo. Rudisha hati, umpe mtu unayemwamini ailete, na umwandikie yule dalali kwa mwandiko wako kwamba Mama anaishi humu. Usinipigie simu, kwenye simu una maneno matamu. Mwezi huu ukiisha sijaona kitu, nitamweleza Mama yote, na hapo utajibizana naye mwenyewe.

Shangazi anakusalimu sana, yeye hajui lolote. Anakusalimu pia yule bibi jirani aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mchanga. Huyo ameusoma ukuta, kwa hiyo salamu zake nimezipunguza ukali. Mungu akupe afya wewe na wa nyumbani mwako, na akulainishe moyo.

Mama nimemweka mwisho makusudi. Siku ile fundi alipoondoka alisikia harufu ya rangi, akatoka nje, akagusa ukuta, kidole kikarudi chekundu. Akaniuliza tumeandika nini. Nilimdanganya. Nilimwambia wewe ndiye uliyeagiza, tuandike "Karibu nyumbani." Akauliza kama herufi ni kubwa vya kutosha, kama utaziona ungali mbali barabarani.

Nikamjibu, "Ataziona, Mama. Zimeandikwa kwa ajili yake."

Wako akupendaye, leo kwa shingo upande,

Dada yako mkubwa.